Nilisubiri kishikwambi, ikatoka kalamu

"Mwanangu, hapa tunajenga nyumba au daraja?"

Aliyeniuliza hivyo ni fundi wa nondo, mzee wa rika la baba yangu, mapema mwaka 2024 kwenye saiti moja kule Kigamboni. Lori lilikuwa limemaliza kushusha mzigo muda si mrefu. Mzee kachuchumaa, kashika ncha ya nondo moja, anaigeuzageuza kama mtu anayechagua muhogo sokoni. Zilikuwa za mm 16. Ramani ilitaka mm 12.

Aliyeagiza ni mimi. Jedwali la nguzo nilikuwa nimelisoma kwenye simu, jua la saa saba linawaka, navuta picha kwa vidole viwili mpaka tarakimu zinakuwa ukungu. Mbili ikageuka sita. Asiye wa fani ataona tofauti ya mm 4 si kitu, lakini nondo ya mm 16 ina uzito wa kilo 1.58 kwa mita na ya mm 12 ni kilo 0.89, na dukani unalipia uzito. Muuzaji alikuwa muungwana, akakubali kubadilisha. Nauli ya lori kwenda na kurudi ilitoka mfukoni mwangu.

Sasa mkadiriaji majenzi mzima anasomaje ramani kwenye simu? Nilikuwa nasubiri.

Kazi yangu ni ya kutembea. Laptopu haina pa kukaa juu ya jukwaa la mafundi, na karatasi ya ramani kwa upepo wa Kigamboni inageuka tanga. Kinachonifaa ni kitu cha kuingia mfuko wa reflekta na bado kikaonyesha ramani ikasomeka, yaani kile ambacho tangu Sensa ya 2022 kila mtu anakiita kishikwambi. (Zamani neno hilo tukilicheka. Walimu walipogawiwa vile vya sensa, mzaha ukaisha.) Changu ni iPad mini ya kizazi cha tano, ya kampuni ya Apple, ndugu yangu aliniletea kutoka Dubai mwaka 2019. Kufika 2023 nikikichaji usiku, adhuhuri kimeshazima.

Hapo ndipo nilipoanza kufuata tetesi. Kama umewahi kufuatilia tetesi za usajili wa Simba na Yanga, unaijua hali yenyewe: leo mchezaji yuko uwanja wa ndege, kesho hata pasi ya kusafiria hana. Kila wiki nilisoma kwamba mini mpya iko njiani, ni suala la siku tu. Nikaona ujinga kutengeneza cha zamani wakati kipya kinabisha hodi. Oktoba 2023 kweli kukawa na tangazo. Nilisubiri kishikwambi, ikatoka kalamu ya kuandikia kwenye kioo, tena isiyofanya kazi na changu. Mwaka huo ukaisha haijatoka iPad mpya hata moja, ya ukubwa wowote, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu ile ya kwanza ya 2010.

Laiti ningeangalia tarehe badala ya tetesi. iPad mini ya kwanza iliingia sokoni Novemba 2012, na mpaka 2015 kila mwaka ikawa na mdogo wake, ingawa ile ya 2014 ilibaki na chipu ya mwaka uliotangulia, ikaongezewa alama ya kidole na rangi ya dhahabu. Baada ya Septemba 2015, kimya mpaka Machi 2019. Miaka mitatu na nusu! Ikafuata ya Septemba 2021, kisha kimya kingine mpaka Oktoba 2024. Hakuna ratiba hapo ya mtu kupangia pesa zake.

Na hicho kipya ukikipata, mara nyingi ndani yake kuna kiporo. Ya 2015 ilikuja na chipu iliyoanza kwenye simu za 2014, ya 2019 ikaja na ya simu za 2018, ya 2024 ikaja na iliyoanzia kwenye iPhone 15 Pro ya 2023. Tangu 2015, ni ya 2021 peke yake iliyopakuliwa ya moto, mwezi ule ule na simu zake. Mimi kiporo nakipenda, hasa cha wali wa nazi na chai ya rangi, wala sisemi ni kibaya. Nasema tu kwamba unayengojea teknolojia ya kesho kwenye kifaa cha ukubwa huu, huenda unangojea ya jana.

Ushauri wangu basi uanzie kwenye kifaa ulicho nacho. Kiulize kinaumwa nini hasa. Changu hakikuwa kinasuasua wala kioo hakikuwa na ufa. Kilikuwa kinaumwa betri, basi. Wiki ile ile ya nondo nilikipeleka kwa fundi Kariakoo, nikalipa shilingi 120,000, nikaketi kwenye benchi lake nikimtazama anavyokipasha moto kioo ili gundi iachie, kisha anapitisha kipande chembamba cha plastiki pembeni taratibu, pumzi kaibana. Saa mbili baadaye nilitoka na kishikwambi kinachofika jioni. Mwaka mzima nilikuwa nimekwepa benchi lile.

Kuna hali moja tu ambayo kusubiri kuna hoja, na hapa nitakawia kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapopoteza pesa. Mtu aliyenunua mini ya 2015 ikiwa mpya dukani, tuseme Januari 2019, alipata kifaa ambacho mwaka 2022 kiliachwa nje ya iPadOS 16, mfumo endeshi mpya wa mwaka huo. Mwenzake aliyevuta subira mpaka Machi ile ile akanunua ya kizazi cha tano, alipokea masasisho hata ya iPadOS 26 iliyotoka 2025. Dukani walipishana miezi miwili tu. Kwa hiyo kifaa kilichokaa sokoni zaidi ya miaka miwili usikinunue kwa bei ya upya. Nunua kilichotumika, au tengeneza chako; na ukiamua kusubiri, ujiwekee tarehe: ikifika mwezi fulani kipya hakijatoka, unachagua moja kati ya hayo mawili na unaacha kusoma tetesi. Iandike tarehe hiyo kabisa, maana ya kichwani inasogezwa.

Ukinunua kilichotumika, usitoe hela kabla akaunti ya mwenyewe wa kwanza haijaondolewa mbele ya macho yako. Kitoe nje ya duka ukikague kioo juani. Chomeka chaja, kaa nacho nusu saa, agiza hata soda, uangalie asilimia zinavyopanda na kama mgongo unachemka.

Na si lazima liwe tunda lile lile. Kwa watu wa vumbi na zege kama mimi, Samsung wana Galaxy Tab Active5 ya Januari 2024, inchi 8, ngumu, betri unaichomoa mwenyewe kwa mkono. Jirani yangu wa saiti anatembea na betri mbili mfukoni na ananicheka. Wao pia hawana haraka: iliyotangulia ya inchi 8 ilikuwa ya 2020. Afadhali hata hizo zinazochelewa. Google walitoa Nexus 7 mwaka 2012, wakatoa nyingine 2013, zikapendwa sana, na hapo hapo wakafunga ukurasa wa ukubwa ule.

Mini mpya ilitangazwa tarehe 15 Oktoba 2024. Habari ilinikuta Mbezi, juu ya slabu, ikaingia kwenye kishikwambi kile kile cha 2019 chenye betri ya Kariakoo. Niliisoma mpaka kwenye bei, dola 499 huko Marekani kabla ya ushuru na faida ya mtu wa hapa, nikairudisha ramani kwenye kioo.

Yule mzee wa nondo bado tuko naye. Siku hizi nikimtajia kipimo haniamini kwa mdomo. Ananyoosha mkono nimpe kishikwambi, anashusha miwani, anasoma mwenyewe polepole, "kumi... na mbili," ndipo anachukua msumeno.