Kwa mnaoanza kazi kwenye maonyesho ya uhalifu na adhabu za kale

Wengi wenu mnaokuja fildi Iringa, Mbeya au Songea mnafika mkiwa mmezoea vyungu, ngoma na mikuki. Maonyesho ya uhalifu na adhabu ni kazi nyingine. Chungu kilifinyangwa na mtu, kikapikiwa na mtu, na mjukuu wake bado yupo wa kukueleza kilipikiwa nini. Pingu, mnyororo na kiboko vilinunuliwa, vikahesabiwa na kuandikwa daftarini na upande wa aliyeadhibu. Aliyeadhibiwa hakuachiwa hata risiti. Ukivipanga kabatini bila kufikiri, umefanya maonyesho ya askari jela, na mfungwa hayumo. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unatoka kwenye jambo hilo.

Tuanze na mnyororo, maana ndio utakaoletewa mapema kuliko vingine. Huku nyanda za juu kusini watu wamelima kwa plau la ng'ombe miaka mingi, na minyororo mingi inayoletwa kama "ya watumwa" au "ya Mjerumani" ilikuwa ya plau. Mzee anayeileta hadanganyi. Ndivyo alivyosimuliwa. Msalimie (Uheheni "kamwene" inafungua mlango kuliko barua ya chuo), mpe kiti, andika maneno yake jinsi anavyoyasema, halafu peleka mnyororo mezani.

Utandaze juu ya shuka nyeupe, taa imulike kutoka ubavuni. Angalia pete moja moja. Pete iliyofuliwa kwa moto inaonyesha mahali ncha mbili zilipopandana, na unene wake haulingani. Pete iliyochomelewa kwa umeme ina kauvimbe kadogo ambako kako palepale kwenye kila pete, kama vile imetoka kwenye mashine moja, na kweli ndivyo. Ukiona rangi ya kijivu yenye unga mweupe badala ya kutu nyekundu, hiyo ni zinki, sababu nyingine ya kutilia shaka. Picha za enzi ya Mjerumani zinaonyesha wafungwa wamefungwa shingoni kwa msururu mmoja. Kwa hiyo tafuta kola au kitanzi cha kufungwa kwa kufuli, na upime kama nafasi kati ya shingo moja na nyingine ingemruhusu mtu kutembea. Hesabu pete zote. Pima urefu wote kwa sentimita, unene wa chuma kwa kalipa sehemu 3, na uzito kwa mizani. Usipopata kola, andika "mnyororo wa chuma, matumizi hayajathibitishwa" na uongeze maelezo ya mleta chini yake. Lebo hiyo haipendezi, lakini mnyororo wa plau ulioitwa wa watumwa ukigunduliwa na mkulima mmoja wa Mbozi mbele ya wanafunzi, kabati zima limekwisha kuaminika.

Kutu msiisugue kwa msasa, wala msipake grisi au rangi nyeusi ili "ipendeze". Grisi inanasa vumbi, vumbi linashika unyevu, na kutu inaendelea chini kwa chini. Brashi kavu ya nywele laini inatosha. Vaeni glavu, kwa sababu jasho lina chumvi, na alama ya kidole kwenye chuma huwa kutu ya kudumu. Stoo, weka chuma kwenye boksi la plastiki linalofunga vizuri pamoja na silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu) yenye uzito sawa na wa kifaa: mnyororo wa kilo 3, silika kilo 3. Chagua ile ya rangi ya chungwa. Ya bluu ina kobalti, ambayo ni sumu. Rangi ikibadilika, ikaushe kwenye oveni kisha uirudishe. Wa Tukuyu, kwenye mvua nyingi, mtafanya hivyo mara nyingi kuliko wa Iringa.

Mbao za kabati nazo zina mambo yake. Msonobari wa Mufindi ni rahisi kupatikana na fundi ataupendekeza, lakini mbao mbichi hutoa mvuke wa asidi unaokula chuma na madini ya risasi ndani ya kioo kilichofungwa. Jaribio lake ni la bei ya chai. Chukua chupa mbili za jemu na misumari miwili iliyosuguliwa ikang'aa. Kila chupa weka msumari mmoja na pamba yenye matone machache ya maji isiyougusa msumari. Chupa moja ongeza kipande cha mbao. Funga, acha siku 28, kisha linganisha. Msumari uliokaa na mbao ukiwa umeharibika zaidi, mbao hiyo isiingie kabatini.

Kiboko kina mtego ambao wanafunzi wa akiolojia hawaufikirii. Kikiwa kweli ni cha ngozi ya kiboko, mnyama, hiyo ni nyara ya serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na kuwa nayo bila kibali ni kosa. Waoneni watu wa wanyamapori kabla ya kukipokea, siyo baada. Itakuwa aibu ya mwaka kushtakiwa kwa sababu ya maonyesho ya uhalifu. Bunduki, hata iliyooza kwa kutu, ipitie polisi kwanza. Ngozi yenyewe msiipake mafuta, itakuja kuwa nyeusi na kunata. Wadudu wakiwemo, ifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, uiweke kwenye friza wiki 2, halafu iache nje siku nzima kabla ya kufungua mfuko, la sivyo maji yatatonea juu ya ngozi.

Picha na karatasi sina mengi: onyesha nakala, asili ibaki gizani. Ukilazimishwa kuonyesha asili, mwanga usizidi luksi 50.

Sasa lebo, na hapa ndipo kazi ilipo. Lebo moja isizidi maneno 60, herufi zisipungue pointi 24, na katikati ya bango iwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Hayo fundi anaweza. Yasiyowezekana kwa fundi ni maneno yenyewe. Kila kifaa cha adhabu kinadai majibu manne: nani alishtaki, kwa sheria gani, nani alitekeleza, na baadaye ilikuwaje. Jibu likikosekana, acha wazi kwa maneno: "jina lake halikuandikwa". Sentensi hiyo fupi inamrudisha mfungwa chumbani.

Neno "mhalifu" lisitumike bila sheria yake kando. Kuanzia 1898 Mjerumani alidai kodi ya nyumba, rupia 3 kwa kibanda kwa mwaka, na asiye nazo alilipa kwa kazi ya shuruti. Chini ya Mwingereza, sheria ya mabwana na watumishi ya 1923 ilifanya kutoroka mkataba wa kazi kuwa kosa la jinai. Vijana wengi wa Njombe na Iringa walikwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge, na aliyechoka akarudi kwao aliweza kufungwa kama mwizi. Ukimwandika "mhalifu" tu, umeidhinisha hukumu ile kwa mara ya pili.

"Mwasi" nalo ni lile lile. Makaratasi ya Kijerumani yanawaita hivyo Wahehe na Wangoni. Lakini tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, von Zelewski, kamanda wa Kijerumani, ndiye aliyeingia Uheheni na jeshi. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikuwa kwake. Alimwasi nani? Ngome ya Kalenga ilianguka 1894, kichwa chake kikatangaziwa zawadi ya rupia 5000, na 19 Julai 1898 alijiua asikamatwe. Kichwa kilikatwa na fuvu likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulitaka lirudishwe kwa ibara ya 246, likarudi 19 Juni 1954, na sasa liko Kalenga. Wanaopanga maonyesho ya adhabu kwenye boma la Iringa wakumbuke kwamba mgeni wao anaweza kuwa ametoka Kalenga asubuhi hiyohiyo. Hahitaji kuelezwa adhabu ni nini. Anataka tarehe ziwe sahihi.

Jihadharini pia na kauli ya kutendwa, maana Kiswahili kinairahisisha mno. "Walinyongwa Songea 27 Februari 1906." Na nani? Andika: "Serikali ya Kijerumani iliwanyonga wapiganaji wa Majimaji zaidi ya 60, akiwemo Nkosi (mtawala) Mputa Gama." Pitia lebo zako zote na kalamu nyekundu, zungushia kila "-wa" ya mwisho wa kitenzi, na ujiulize mtenda yuko wapi.

Lakini msiwapambe mababu. Kabla ya mkoloni kulikuwa na faini za ng'ombe, kulikuwa na kufukuzwa kijijini, na kulikuwa na mwavi, ile sumu ya kunywesha mtuhumiwa: akitapika amepona, akifa ndiyo hukumu. Unyakyusa na Usafwa wanalijua neno. Bango la adhabu za jadi lenye ng'ombe wa faini pekee ni nusu ya habari.

Hesabu za viboko zinawachanganya wapya kila mwaka, kwa hiyo zikaririni. Hamsa ishirini, yaani 25, ni ya Mjerumani: agizo la 1896 liliweka 25 kama kikomo kwa mara moja, na awamu ya pili isije kabla ya wiki mbili kupita. Wanawake hawakupaswa kuchapwa, Waarabu na Wahindi vilevile. Ndiyo, adhabu ilikwenda kwa rangi, na hilo liwe kwenye lebo. Ile ya 24 ni yetu wenyewe: Sheria ya Adhabu za Chini ya 1963 iliamuru viboko 12 mfungwa anapoingia gerezani na 12 anapotoka. Vikaondolewa 1972, vikarudishwa 1989. Na mtoto wa darasa la sita atakuuliza kuhusu shule yake. Mjibu bila kukwepa: kanuni za 2002 zinasema visizidi 4, na mwalimu mkuu ndiye mwenye mamlaka ya kuchapa au kumpa mwalimu mwingine ruhusa. Mwalimu wake atakuwa amesimama nyuma. Jibu hivyohivyo.

Kwenye mafaili ya mahakama, angalia mwaka kabla ya kifungu. Hadi 1930 Tanganyika ilitumia Kanuni ya Adhabu ya India. Faili la 1926 lenye "kifungu 302" ni la mauaji, na 379 ni wizi. Baada ya hapo mauaji ni 196 na wizi ni 265. Wapo wanaolifungua kanuni la sasa, wakakuta kifungu chenye namba ileile kinasema kitu kingine kabisa, na wakaandika bango zima juu ya kosa ambalo mtu hakulitenda. Nyaraka za Taifa ziko Dar es Salaam, na kumbukumbu za umma hufunguliwa baada ya miaka 30. Nendeni na penseli, na mnakili namba ya faili pamoja na ya ukurasa hapohapo. Namba ya faili bila ukurasa itakurudisha Dar kwa nauli yako.

Miaka 30 inafungua faili, haifungui aibu ya familia. Kesi za ubakaji na za uchawi, jina la kijiji na la ukoo lisitoke. Sheria ya uchawi ni ya 1928, lakini tuhuma zake bado zinaua wazee huku kwetu, na bango lenye jina linaweza kumfikia mjukuu.

Kitanzi msikitengeneze cha maonyesho. Iringa kuna mtaa unaitwa Kitanzini, na wenyeji wanakwambia jina lilitokana na watu kunyongwa pale. Ramani ya mji yenye nukta moja hapo inatosha kunyamazisha chumba. Kamba mpya ya dukani inayoning'inia darini inafanya vijana wapige selfi. Tena hukumu ya kifo bado iko kwenye sheria zetu, ingawa tangu katikati ya miaka ya 1990 haijatekelezwa, na mgeni wako anaweza kuwa na ndugu anayeisubiri.

Ukiongoza wanafunzi, gawa makundi ya 15. Kundi likizidi hapo, wa nyuma wanasikia mwangwi tu. Weka mnyororo wa mfano, wa dukani, wenye uzito sawa na wa kabatini, uunyanyue mtu mzima anayetaka. Usimvishe mtoto shingoni, hata akiomba, hata mwalimu akicheka.

Siku moja mtu atasimama mbele ya picha ya wafungwa na kusema, "Huyu wa tatu ni babu." Usimwambie haiwezekani, na usimwambie ndiyo. Mtoe kwenye msongamano, mpe kiti na maji. Muulize jina la babu, la baba yake babu, kijiji, na nani mwingine nyumbani anayeijua habari hiyo. Andika kwa penseli, soma ulichoandika kwa sauti, arekebishe. Omba ruhusa ya kurekodi ukienda kwao, na siku ya kwenda beba sukari na sabuni, siyo bahasha, maana habari iliyonunuliwa hurefuka. Linganisha na tarehe ya picha: umri unakubali? Kijiji kiko njia ile? Vikikubali, na familia ikiridhia kwa maandishi, futa "jina lake halikuandikwa" na uchapishe lebo mpya, jina kwanza, likifuatiwa na maneno "kwa mujibu wa familia yake".