Maswali ya Wasomaji: Kisukari Baada ya Kuondolewa Kongosho

SWALI: Daktari, mume wangu, ambaye ni fundi wa magari, aliondolewa kongosho lote mwaka jana baada ya kuteswa na maumivu kwa miaka mingi, na tangu hapo anajidunga insulini. Shemeji yangu aliye Marekani anasema kuna wagonjwa wanaorudishiwa seli zinazotengeneza insulini. Je, tuuze shamba tumpeleke?
Msomaji, Kariobangi, Nairobi

JIBU: Dada yangu, shemeji yako hakukosea. Upandikizaji huo ulianza mwaka 1977 katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Kongosho likishatolewa hupelekwa maabara papo hapo, huko likalainishwa kwa vimeng'enya hadi vile vifungu vidogo vya seli viitwavyo visiwa vya Langerhans vitengane na nyama nyingine, kisha vikamiminwa katika mshipa mkubwa unaoingia kwenye ini, ambako hujishikiza na kuanza kutoa insulini. Kwa kuwa seli ni za mgonjwa mwenyewe, mwili hauzikatai, ingawa wengi bado huhitaji insulini kidogo.

Nasikitika kukuambia kwamba kwa mume wako nafasi hiyo imepita, isipokuwa kama seli zake zilitenganishwa siku ile ya upasuaji. Seli anazoweza kupewa sasa ni za marehemu aliyejitolea viungo, nazo humlazimu mgonjwa kutumia dawa kali za kupunguza kinga ya mwili. Nakusihi msiuze shamba kabla ya mtaalamu wa homoni kuisoma ripoti ya upasuaji.

Linalonitia hofu zaidi ni sukari kushuka. Kongosho ndilo pia lililotoa glukagoni, homoni inayoipandisha sukari inapopungua, na vimeng'enya vya kusaga chakula. Mume wako akijidunga insulini, akala chapati na maharagwe gereji bila kumeza vidonge vyake vya vimeng'enya, chakula hakisagiki vizuri ilhali insulini inaendelea kufanya kazi. Akitoka jasho jembamba, akitetemeka au akizungumza ovyo, apewe mara moja vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15, na wenzake wa gereji wafundishwe hivyo. Akizimia, asitiwe chochote kinywani, akimbizwe hospitali.

Mkienda kliniki, ulizeni pia kama bandama iliondolewa, kwa sababu asiye nayo huhitaji chanjo za nimonia na za homa ya uti wa mgongo.