Mwanangu, ulinitazama nikainamia daftari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Mpwapwa. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanayonisumbua asubuhi, hofu na mashaka ni kwako na wajukuu zangu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, na usiku watu walipolala nikaurudia. Kuchapa kwenye simu siwezi, herufi zile ni za macho ya vijana. Nimechukua kalamu, mdogo wako atapiga picha kurasa akurushie.

Unauliza: pale kwenye kikao cha harusi ya binamu yako, mjomba wako alipowasema vijana na wewe ukamjibu, mimi nilikuwa upande wa nani? Unasema ulinitazama, nami nikainamia daftari la ahadi kama vile nahesabu.

Nilikuwa nahesabu kweli. Lakini najua hilo silo jibu.

Tuyarudie ili usije ukasema nimesahau. Mjomba alisoma ahadi yako, elfu hamsini, akavua miwani. "Sisi katika umri wenu tulikuwa tumeshajenga. Ninyi kazi mnaacha, mnakaa kuuza nguo kwenye simu." Ukamwambia: "Mjomba, ninyi mlisoma bure, mkapangiwa kazi, shirika likawapa nyumba. Kisha mashirika mkayauza, sisi mkatuachia deni la bodi ya mikopo ya wanafunzi." Kikao kizima kikabaki kinatazama chupa za soda.

Kila mmoja wenu alisema kweli, na kila mmoja aliisema vibaya. Lakini hukuniuliza hilo.

Mimi neno langu mnalijua, mmelisikia mpaka mkanichoka: kabla hujamuuliza mtu amefanya nini, muulize alipewa nini. Sasa ngoja nikwambie mimi nilipewa nini, maana juzi uliposema "mkapangiwa kazi" niliona umesema kama mtu aliyeletewa sinia mezani.

Nilimaliza darasa la saba mwaka 1975. Sekondari sikuchaguliwa. Shule yetu yote alichaguliwa mvulana mmoja, na babu yako alisema basi, msichana ameshajua kusoma barua, inatosha. Ndiyo, ilikuwa bure, mwanangu. Bure ya watu wachache. Ninyi mlilipishwa, lakini mlango ulikuwa mpana kidogo. Sijui kipi bora, na nikianza kulifikiria hilo barua hii haitaisha.

Mwaka uliotangulia, 1974, chama tawala, TANU, kilikuwa kimekaa Musoma kikaamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani, mpango ulioitwa UPE. Neno zuri. Walimu hawakuwapo. Ndipo wakatuchukua sisi wa la saba, maelfu kwa maelfu nchi nzima. Asubuhi tunafundisha, mchana tunafundishwa, kwa vijitabu vilivyotumwa kwa posta na vipindi vya redio, na mkufunzi anayepita na baiskeli akipata nafasi. Miaka mitatu hivyo, halafu wiki chache chuoni, ukapewa cheti cha daraja C. Mimi nilipangiwa kijiji kimoja upande wa Kibakwe, nina miaka kumi na sita. Hakuna aliyeniuliza kama napenda ualimu. Ndiyo huko kupangiwa kazi unakokuonea wivu.

Darasa langu lilikuwa chini ya mbuyu, ubao umeegemezwa kwenye shina. Wanafunzi wengine walinizidi kimo. Mwalimu mkuu, mzee aliyesomea ualimu kabla ya Uhuru, alinipa chaki akizihesabu moja moja, na jioni naye alitaka vipande virudi.

Siku moja akaja mkaguzi. Nilikuwa nafundisha sehemu. Vitabu hatuna, kwa hiyo niliwaambia watoto kila mmoja aje na karanga kumi na mbili kutoka kwao. Tukagawa: nusu hizi, robo hizi, theluthi hizi. Walikuwa wameelewa, mwanangu. Mpaka leo naweza kuapa walikuwa wameelewa. Yule mkaguzi, suti yake ya Kaunda imenyooshwa mpaka mistari inaonekana, akasimama kutoka kwenye jiwe alilokalia, akasema, "Huu ni mchezo." Akanichukua chaki mkononi, akafuta ubao wangu kwa kiganja chake, akaanza kuandika tarakimu. Katikati akageuka akaniuliza mbele ya watoto:

"Nani amekuweka hapa, mtoto?"

Nikamjibu, "Serikali, Mzee."

Sikusema kwa jeuri. Ndiyo iliyoniweka! Watoto wakacheka, yeye akarudi ubaoni, akaandika na kufafanua kwa muda mrefu. Alipowageukia awaulize robo ya kumi na mbili ni ngapi, robo zote zilikuwa zimeshaliwa. Darasa zima linatafuna. Hilo nikilikumbuka nacheka peke yangu hata kanisani.

Lakini kwenye kitabu cha shule aliandika maneno haya, nami niliyasoma alipoondoka: "Mwalimu huyu bado mtoto. Asaidiwe." Akapanda Land Rover. Huyo wa kunisaidia nilimngoja mpaka nikastaafu.

Jioni nilikuwa nalia nyuma ya stoo ya kijiji. Akapita mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza hapo Kongwa. Akanisabahi, "Mbukwa," akaniuliza kulikoni, nikamweleza. Akasema, "Wazungu walikuja Kongwa mwaka 1947 na matrekta, na wataalamu wenye vyeti. Karanga zikawashinda. Mwaka 1951 wakaacha. Hata mmoja hakuitwa mtoto. Wewe zako angalau zimeliwa." Yule mzee hakuwa anajua kusoma. Baadaye alikuwa mwanafunzi wangu wa jioni katika elimu ya watu wazima, na aliniita Mwalimu kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu mwingine. Nilikuwa sawa na mjukuu wake.

Sasa sikiliza. Krismasi ya mwaka ule nilirudi nyumbani na mshahara wangu wa kwanza kufika nao kwa wazazi. Mjomba wako naye alikuwa likizo kutoka Dar. Alikuwa ametoka Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, akaajiriwa moja kwa moja kwenye shirika la umma. Amevaa bugaluu, nywele zimesimama. Babu yako alikuwa amemsema asubuhi nzima: kizazi gani hiki, suruali inafagia njia, kazi ya mikono hamtaki, mnataka feni na meza. Maneno yaleyale, mwanangu! Badilisha bugaluu weka simu. Mjomba akanywea. Tulipokaa kula, akaniona mimi, akaona pa kupumulia. Akasema, "Huyu naye mwalimu wa UPE. Ualimu Pasipo Elimu." Utani huo ulikuwa unazunguka nchi nzima wakati ule, hakuutunga yeye. Lakini meza yote ilicheka. Babu yako pia alicheka. Ya mjomba niliimeza. Ya baba bado haijashuka.

Kwa hiyo uliponitazama pale kikaoni, mimi sikuwa pale. Nilikuwa kwenye meza ile.

Utasema, basi si ndiyo sababu ya kumnyamazisha? Ndiyo. Na hapo ndipo ninapogombana na nafsi yangu, maana kuna jambo jingine ambalo wewe ulilishuhudia bila kulijua. Mwaka 1996 ulikuwa darasa la kwanza. Shirika lake lilikuwa limebinafsishwa, na yeye alikuwa kwenye orodha ya waliopunguzwa. Ana miaka arobaini na miwili, watoto wanne. Nyumba ya shirika akaambiwa atoke. Alikuja hapa kwetu na makochi na kalenda ya ukutani yenye nembo ya shirika. Unakumbuka alivyokuwa akivaa tai kila asubuhi, anapiga kiwi viatu, anaondoka? Wewe ulidhani anakwenda kazini, ulikuwa unamwomba akuletee pipi. Alikuwa anakwenda kukaa stendi kusoma gazeti la jana, mpaka saa tisa na nusu, saa ya kutoka ofisini. Miezi na miezi. Marehemu baba yako alijua, mimi nilijua, hatukumwambia kwamba tunajua.

Sasa wewe ukasimama na umri wako mdogo ukamwambia "mashirika mkayauza." Yeye ndiye aliyeuzwa humo, mama. Ulikuwa na haki ya hasira, lakini ulimpigia mtu aliyeanguka kabla yako.

Na yeye? Yeye ana haki gani ya kukwambia hutaki kazi? Hapa nakuwa wako. Uliingia chuo mwaka 2009, ukatoka 2012, ukajitolea ofisi za watu bila malipo, unapanda daladala mbili kwenda kufanya kazi ya bure kwa sababu kila tangazo linataka uzoefu. Ukapata ajira, mkataba wa miezi mitatu mitatu, unasainishwa upya kama mtu anayekata leseni ya baiskeli. Mwaka 2017 makato ya bodi yakatoka asilimia 8 yakaenda 15 ya mshahara, na wewe ulikopa kwa masharti ya zamani. Mjomba wako hakuwahi kukatwa hata senti kwa ajili ya kusoma. Na hiyo nyumba anayosema alikuwa ameshaijenga katika umri wako, wewe na mimi tunajua ilijengwaje, basi, niishie hapo.

Na hizo nguo zako za kwenye simu. Miaka ya themanini mshahara wangu ulikuwa hautoshi sukari, hiyo sukari yenyewe ikiwapo. Nilikuwa naamka saa tisa usiku nakaanga maandazi, naenda nayo shuleni kwenye ndoo ya bluu yenye mfuniko, mapumziko nawauzia wanafunzi wangu mwenyewe. Nani alisema mwalimu hataki kazi? Walisema, tena sana, na mkaguzi mwingine alisema, ila maandazi alikula. Mwaka 1983 walipopitisha ile sheria ya Nguvu Kazi, vijana wa rika langu waliokuwa wakiuza karanga na sigara Dar walikusanywa kwenye malori wakarudishwa vijijini wakalime, eti wazururaji. Hao wazururaji leo ndio wazee wanaowasema ninyi.

Lakini usifurahi mapema. Nanyi mna yenu. Mnakata tamaa kwa haraka, na mkikata mnatangaza. Zilipoanza shule za kata tukaletewa vijana waliomaliza kidato cha sita wamefundishwa ualimu kwa wiki kadhaa, watu wakawaita vodafasta, yaani walimu wa chapuchapu. Sisi wa UPE ndio tuliowaita hivyo kwa sauti zaidi. Wengine wao, siwezi kusema uongo, walikuwa vodafasta kweli: kipindi kinaanza yeye yuko nje na simu sikioni. Na mmoja alikuwa mwalimu wa hesabu ambaye sijapata kumwona mfano wake. Sasa hukumu utaweka wapi? Uliza alipewa nini, narudia. Yule wa hesabu alikuwa na baba mwalimu.

Na mimi pia nilipewa, usidhani nimesahau. Nilistaafu mwaka 2020, kwa kikokotoo cha zamani, ile hesabu ya mafao, nikachukua nusu ya mafao yangu kwa mkupuo, nikaezeka hii nyumba. Mwenzangu wa chumba cha jirani pale shuleni alistaafu baada ya Julai 2022, akapewa asilimia 33. Wameipandisha kuwa 40 mwaka 2024, lakini matofali yake bado yako nje yanaota majani. Tulifundisha pamoja miaka ishirini, chaki ileile, vumbi lilelile. Sijafanya kazi kumzidi. Nimezaliwa kabla yake.

Unaona? Nikiandika upande wako, naona tai ya mjomba. Nikiandika upande wake, naona mikataba yako. Ukinibana sana nitalisema lililo moyoni, na nadhani unalijua, kwa sababu wewe ni mwanangu na yeye ni kaka tu. Lakini sisemi. Harusi bado, na yeye ndiye mwenyekiti wa kamati.

Ninalotaka ni hili. Ukija Desemba, njoo na karatasi zako za NSSF, ule mfuko wa akiba ya wafanyakazi, za ile kazi uliyoacha. Juzi mtoto wa jirani ameenda kuangalia akaunti yake akakuta mwajiri alikuwa anamkata kila mwezi na hapeleki, miaka miwili mizima. Mshahara wako ulikuwa unakatwa, nimeziona hati za malipo hapa kabatini. Mjomba wako anajua mambo ya barua za madai. Alidai mafao yake kwa miaka saba na alipata mwishowe. Nimeshamwambia utamhitaji. Aliuliza, "Ameniomba yeye?" Nikasema ndiyo. Kwa hiyo mpigie kabla ya Jumapili, na hiyo ahadi yako iongeze kidogo, hata elfu ishirini.

Wabusu watoto.

Mama yako