Jibu: Kisanduku cha mninga kimepasuka kifuniko

Habari ndugu. Umesema ulichonga kisanduku cha umbo la kibuyu kutoka gogo moja la mninga ulilolitoa Dar, na wiki tatu baada ya kukifikisha Dodoma kifuniko kimepata ufa.

Kabla ya kulaumu patasi, tazama kichwa cha mbao, pale zinapoonekana duara za mti. Kama moyo wa mti umo ndani ya kipande, ufa umeanzia hapo, na utarudi hata ukiuziba. Mti hunywea zaidi kufuata duara kuliko kuelekea moyoni, kwa hiyo lazima pafunguke mahali. Chukua kipande cha pembeni.

Kama moyo haumo, basi ni ukavu. Kiangazi chetu hunyonya mbao iliyozoea hewa ya pwani. Mimi huchonga mara mbili. Kwanza nachimba ndani nikiacha kuta nene kama kidole gumba, napaka nta kwenye vichwa vya mbao tu, naweka kivulini pasipo upepo. Kila Jumamosi nakipima kwa mzani wa jikoni, uzito nauandika kwa penseli kwenye kitako. Usiposhuka Jumamosi tatu mfululizo, ndipo narudi na patasi, kisha tupa na msasa. Kifuniko hakibanwi kabisa. Acha nafasi ya kupitisha karatasi ngumu.

Ufa huo usiujaze gundi sasa, subiri utulie kwanza, maana bado unatembea.

Nasemea mninga, ndio ninaouchonga. Weka picha ya kichwa cha mbao tuone.