Kabla ya Maiti, Tafuta Kinachokuuma

Vijana wanaoniletea miswada ya riwaya za upelelezi huanza karibu wote na maiti. Maiti ufukweni, maiti gesti, maiti kwenye buti la gari. Nikiwauliza kwa nini mtu huyu auawe katika mji huu na wakati huu, wengi hunyamaza. Ndipo huwasimulia habari za mwandishi wa riwaya Henning Mankell.

Mankell alizaliwa Stockholm, Uswidi, mwaka 1948, akakulia Sveg, mji mdogo ambako baba yake alikuwa hakimu na familia iliishi ghorofani, juu ya mahakama. Aliacha shule mapema, akawa baharia. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1973. Inspekta Kurt Wallander, mpelelezi wa kubuni aliyempa umaarufu duniani, alitokea mwaka 1991. Miaka 18 nzima! Katikati hapo aliandika, alifanya kazi za jukwaani, akaja Afrika, na kwa muda mrefu aliongoza ukumbi wa maigizo wa Teatro Avenida, Maputo, Msumbiji.

Utamu uko hapa. Aliporudi kwao aliikuta chuki dhidi ya wageni imepanda, ikamuuma. Kwake ubaguzi ulikuwa jinai, basi akaona hadithi ya jinai ndiyo itakayoubeba. Askari alihitajika baadaye, na jina lake alilipata kwenye kitabu cha simu. Katika riwaya hiyo ya kwanza ya Wallander, wazee wawili wanashambuliwa shambani kwao kusini mwa Uswidi. Bibi, kabla ya kukata roho, anatamka neno linalowaelekezea wageni kidole, na muda si mrefu wakimbizi wanaanza kushambuliwa. Angalia mpangilio: uchungu kwanza, kisha uhalifu, mpelelezi mwisho.

Nami hufuata njia hiyo. Kilichonikera miaka mingi ni namna wajane wanavyonyang'anywa mashamba na ndugu wa marehemu. Niliandika kurasa kadhaa za kero hiyo tupu, bila mpelelezi: nani anafaidika, nani aliitwa kushuhudia, nani aligonga muhuri. Kufika kwenye muhuri nilikuwa nimeshamjua muuaji, na nilimjua kwa sababu zake, jambo ambalo maiti ya ufukweni haijawahi kunipa. Jaribu hivyo kabla hujaandika sura ya kwanza. Usimtaje askari hata mara moja.

Askari akija, mpe maisha. Wallander ameachika, anaumwa kisukari, hasikilizani na baba yake, mchoraji anayerudia picha ileile mwaka hadi mwaka. Msomaji humfuata kwa hayo kuliko kwa bastola.

Na usiache shughuli zako nyingine kwa ajili ya riwaya. Mankell hakuliacha jukwaa. Alikwenda pia Uganda, akakutana na wazazi wenye UKIMWI waliokuwa wakiwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu, akaandika kitabu juu yao. Hicho ndicho ninachokipenda zaidi kwake, ingawa hakina mpelelezi.

Wenye hadithi za mfululizo kwenye simu huniuliza waishie wapi. Mankell alimfunga Wallander mwaka 2009, katika riwaya ambamo kumbukumbu za inspekta zinaanza kupotea, wakati wasomaji bado wanamtaka. Amua mwisho wa mpelelezi wako mapema, uuandike pembeni, kisha urudi kwenye sura unayoiandika leo.