Fundi, ni kweli kompyuta ya pikapu yangu imekufa?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina pikapu ya dizeli ya Kijapani, ya mwaka 1998, yenye pampu ya umeme. Nabeba vitunguu kutoka Mang'ola kuja soko la Kilombero. Tangu mwezi uliopita inazima ghafla jua likiwa kali, mara nyingi nikikaribia Makuyuni. Starta inazungusha vizuri ila haiwaki. Nikipumzika kama nusu saa inawaka utadhani haikuwa na neno. Fundi mmoja alichomeka mashine ya kupimia, ikakataa kusoma. Akasema kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, imekufa, nitafute laki tisa. Nifanyeje? – Msomaji wa Mbauda, Arusha.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo laki tisa ikae mfukoni kwanza. Mashine kukataa kusoma si ushahidi wa kifo. Magari mengi ya Kijapani ya miaka hiyo hayazungumzi lugha ya hizi mashine za bei rahisi. Mengine misimbo yake ya hitilafu unaisoma kwa kuhesabu taa ya cheki injini inavyokonyeza.

Na taa hiyo hukuniambia inafanyaje. Siku ikizima tena, usikimbilie kivulini. Zima swichi, iwashe tena bila kupiga starta, uangalie dashibodi. Taa ikiwaka, kompyuta iko macho. Kaangalie upande wa pampu na mafuta. Isipowaka, na asubuhi huwa inawaka, basi ama kompyuta haipati umeme ama ndiyo yenyewe inayozimia kwa joto.

Anza na rilei kuu, yaani swichi ya umeme inayoilisha kompyuta. Solda ya ndani ya rilei kuukuu hupasuka ufa mwembamba kama unywele. Ikipata moto inaachia, ikipoa inashika. Dalili ni zile zile za kompyuta mbovu, na bei yake hata gunia la vitunguu haifiki. Kama ya honi ni ya aina ile ile, zibadilishe nafasi ujaribu.

Halafu athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Mwaka jana aliniletea gari bwana mmoja wa Marangu anayebeba ndizi, keshanunua kompyuta mbili za mtumba. Shida ilikuwa nati moja ya waya wa athi nyuma ya injini, imeota ukungu wa kijani. Nilimwambia bei yangu akacheka, kisha akakaa kimya muda mrefu. Kupima ni hivi: ncha moja ya mita ya volti kwenye pini ya athi ya plagi ya kompyuta, nyingine kwenye hasi ya betri, mwenzako apige starta. Ikizidi volti 0.2 hivi, kakwangue nati.

Umeme ukifika na athi ikiwa safi, tafuta volti 5. Volti hizo hutolewa na kompyuta yenyewe kulisha sensa, vile vipimio vya injini. Sensa moja ikipiga shoti inazishusha zote, na gari linakufa huku kompyuta haina kosa. Chomoa sensa moja moja mita ikiwa imeshika. Volti 5 zikirudi, uliyoichomoa mwisho ndiyo mchawi.

Usipompata, hapo sasa tuishuku kompyuta. Nyingi hukaa nyuma ya dashibodi upande wa abiria. Mama wa saluni jirani yangu hapa Pasua ameshazoea kuniazima draya. Naipulizia kompyuta hewa ya moto injini ikinguruma. Ikizima gari mbele ya macho yangu, naifungua. Ndani tafuta vile vipipa vidogo, kapasita. Za miaka ya 1990 zina tabia ya kuvuja, na utazijua kwa pua kabla ya macho: harufu ya samaki aliyechacha. Zikiwa zimevuja tu na njia za shaba hazijaliwa, fundi redio mwenye mkono mtulivu anasafisha kwa spiriti na kuweka mpya zenye uwezo ule ule, zinazohimili nyuzi 105, chanya na hasi mahali pake. Akikosea hapo, zinapasuka.

Shaba ikiwa imeliwa, ndipo ununue nyingine. Namba ya kwenye kibandiko ifanane yote, hadi tarakimu ya mwisho. Muuzaji akikwambia “hii inaingia tu, bosi,” mwulize inaingia wapi. Ya gia za mkono na ya otomatiki huweza kufanana umbo, zisifanane kazi. Ufunguo wako ukiwa na chipu, kompyuta ngeni itaukataa. Inunue pamoja na ufunguo wake na kiboksi chake kinachosoma ufunguo, au mtaalamu ahamishe kumbukumbu kutoka ile yako. Kwa hiyo ile mbovu usiitupe, wala usimwachie fundi kwa kisingizio cha kupunguziwa bei.

Kabla ya kuchomoa plagi ya kompyuta, toa waya wa hasi wa betri. Na nikuulize: mwezi huo uliopita hukuchomelea bodi mahali? Watu wa vitunguu mnapenda kuongeza vyuma vya pembeni. Kama fundi alichomelea betri na kompyuta zikiwa zimeunganishwa, niandikie tena. Nitaanza kupima kwingine kabisa.