Uanagenzi wa kampuni tatu kwenye reli: dogo, usihame bila sahihi

Dogo, usisaini bado.

Nimesoma ulichoandika. Wanakupa miezi 18 ya uanagenzi wa usimamizi wa miradi ya reli: miezi 6 kwa mkandarasi, 6 kwa mhandisi mshauri, 6 kwa mwenye mradi. Unauliza uanzie wapi, posho itatosha kwa chumba Dodoma, na kama ni bora usome kwanza PMP, kile cheti cha kimataifa cha usimamizi wa miradi. Halafu mwishoni, kwa furaha kabisa, ukaongeza kwamba "kumbukumbu zote za mafunzo zitatunzwa na mratibu". Hapo chai ikanipalia.

Mratibu! Na mimi nilikuwa na wangu. Kijana mtanashati, kadi shingoni, kila unachomuuliza jibu lake ni "usijali, liko kwenye mfumo". Huo mfumo mpaka leo sijawahi kuuona kwa macho.

Nilianzia kwa mkandarasi, nikakaa miezi minane badala ya sita kwa kuwa waliotakiwa kunipokea walikuwa hawajajipanga. Kazi nilifanya, tena si ya kubeba mafaili. Siku moja natembea juu ya tuta la reli na michoro mkononi, kesho yake kokoto zinamwagwa, nikagundua mabomba ya kupitisha nyaya za ishara chini ya njia hayapo. Kwenye mchoro wa watu wa ishara yamechorwa mawili. Kwenye mchoro wa watu wa tuta, hola. Ukishamwaga kokoto na kulaza mataruma yanayobeba reli, kupitisha bomba pale ni kufumua njia upya. Nikapiga picha, nikamtumia foremani WhatsApp, akajibu "sawa injinia" na kidole gumba. Asubuhi mtaro ukachimbwa, mabomba yakalazwa. Usimamizi wa mradi wa reli kwa sehemu kubwa ndio huo, dogo: kusimama mpakani, kazi ya huyu inapoishia na ya yule inapoanzia.

Sasa niulize ushahidi wa siku ile uko wapi. Uko kwenye simu ya foremani ambaye namba yake haipatikani, na kwenye laptopu ya kampuni niliyoirudisha Ijumaa saa kumi na moja jioni, kwa sababu Jumatatu nilitakiwa niripoti kwa mshauri. Logibuku, yaani daftari la kuandika kazi ulizofanya ili msimamizi azisaini, nilikuwa nayo, imejaa mwandiko wangu mzuri kama barua ya posa. Safu ya sahihi, nyeupe pe! Msimamizi wangu kila nikimfuata: "Lete mwisho wa mwezi nisaini zote kwa pamoja." Mwisho wa mwezi mmoja wapo akapanda ndege. Mkataba wake ulikuwa umeisha, mzee wa watu karudi kwao.

Nikamwambia mratibu. "Usijali, nitaongea nao." Miezi mitano nasubiri aongee nao.

Siku ya tathmini, wazee watatu mezani. Mmoja akalamba kidole, akapekua kurasa taratibu, akauliza, "Aliyekuwa anakusimamia yuko wapi?" Nikasema amerudi kwao. Akafunga logibuku. "Basi na hii miezi mpelekee huko huko." Wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje? Miezi minane ikawa sifuri, nikairudia yote, na wale niliowafundisha kusoma mchoro wakawa wananituma maji ya kunywa.

Posho nayo ilikatika katikati. Nilikuwa kama mtoto wa wake wenza: kila nyumba inajua nimekula kwa mwenzie.

Kwa hiyo sheria ni moja: USIHAME KAMPUNI BILA SAHIHI. Kila Ijumaa kabla ya gari la saiti kuondoka, umeshasainiwa ukurasa wa wiki hiyo, na jina na cheo cha aliyesaini vinasomeka. Picha ya ukurasa unajitumia kwenye barua pepe yako mwenyewe, siyo ya kampuni. Akisema "mwisho wa mwezi", mwambie mratibu wako ni mnoko. Msingizie tu, wanastahili.

PMP? Kwa mwenye digrii, wanaotoa cheti hicho wanataka miezi 36 ya kuongoza miradi, na wanaweza kuchagua maombi yako kuyakagua, wakataka wasimamizi wako wathibitishe uliyoandika. Umeona? Sahihi tena. Kama wewe ni mhandisi mhitimu, mpango wa miaka 3 wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi nao una logibuku. Huikwepi popote.

Sikwambii ukatae. Kwa mkandarasi utajua kwa nini ratiba inaongopa, kwa mshauri utajua kazi inavyopimwa na kukataliwa, kwa mwenye mradi utakutana na fidia za ardhi na hati za malipo. Kampuni moja peke yake haikupi yote hayo. Ila kwenye mkataba iandikwe nani anakulipa mwezi wa kuhama, na nani anasaini msimamizi akiondoka. Kwa jina la cheo, siyo "uongozi".

Uanzie wapi? Popote. La chumba Dodoma waulize wanaokaa huko, mimi nililala kambini na mbu.

Mkataba ukiupata upige picha uuweke hapa, jina lako lifute. Nitausoma jioni nikitoka saiti.